Itifaki haijazingatiwa: VPN ni ileile, njia ndo tofauti

Kwenye sherehe zetu kuna ile sentensi, mtu anashika maiki, anaangalia meza kuu imejaa waheshimiwa, anaona akianza kutaja mmoja mmoja pilau litapoa, anasema "itifaki imezingatiwa" anaendelea na yake. Nimeikumbuka juzi kwa sababu protokoli, yaani zile kanuni ambazo mitambo inafuata kupelekeana data, kwa Kiswahili ndo hiyohiyo itifaki, na kwenye VPN, ile njia ya siri ya kupitisha data yako mpaka kwenye seva fulani, wengi wetu tunafanya vilevile, tunabonyeza kitufe, kile kialama cha ufunguo kinatokea juu ya skrini, basi, itifaki imezingatiwa. Kumbe wapi.

Niseme mapema mimi ni mhasibu, sio mtu wa IT. Haya nimeyajua kwa kuteseka, na kwa kumsumbua kijana wa IT ofisini mpaka nadhani akiona jina langu linaita anavuta pumzi kwanza.

Kazi yenyewe iko hivi. Vitabu vya ofisi yetu viko kwenye seva Dar na ukiwa nje ya ofisi huvipati mpaka upite VPN. Kila mwezi kuanzia tarehe 17 hivi nakuwa Dodoma kwa mteja, ritani ya VAT mwisho tarehe 20, kwahiyo hizo siku tatu mtandao ukinizingua na mimi nazinguana na kila mtu. Zamani nilikuwa napanda basi, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 napanda treni, nakaa dirishani, nafungua laptop, naunga na intaneti ya simu, nafanya kazi mpaka nafika. Hiyo ndo nadharia.

Ukishaipita Morogoro ukaanza kuingia kwenye mahandaki ya Kilosa mtandao unakata. Sio kosa la mtu, ni mlima ule. Unatoka upande wa pili, simu inapata mtandao, WhatsApp inarudi yenyewe, kila kitu kinarudi, VPN ya ofisi hairudi. Inazunguka tu. Inazunguka weee, alafu inasema muda umekwisha, ingiza tena jina na neno la siri, alafu subiri namba sita zinakuja kwa meseji, na meseji inaingia wakati wewe umeshaingia handaki jingine. Safari moja nimeingiza zile namba mara tano nikafunga laptop nikalala.

Nikamlalamikia kijana wa IT kwamba VPN yenu mbovu, tafuteni nyingine. Akaniuliza, "Braza, unatumia protokoli gani?" Nikamwambia natumia VPN. Akacheka kwanza, ndo akaanza kunielekeza.

Kumbe ile yetu ilikuwa OpenVPN, na ni kitu cha siku nyingi, imeanza 2001, aliyeiandika anaitwa James Yonan, naye alikuwa safarini Asia ya Kati akitaka kuingia kwenye mitambo ya kazini kwake kupitia mitandao ya huko ambayo hakuiamini. Yaani mtu mwenye shida kama yangu kabisa, kasoro mahandaki. Na OpenVPN unaweza kuipitisha njia mbili, UDP au TCP. Zetu zote zilikuwa zimewekwa TCP.

Hapa ndo nilipoelewa kitu cha kwanza cha maana. TCP ni ile njia ambayo kila kifurushi cha data kikitumwa lazima mpokeaji ajibu "nimepata", asipojibu kinatumwa tena. Nzuri tu. Lakini ukurasa ninaoufungua ndani ya VPN nao unatumia TCP, nao unasubiri "nimepata" yake, kwahiyo kifurushi kimoja kikidondoka njiani huko Gulwe, tabaka la ndani linakituma tena, la nje nalo linakituma tena, hakuna anayejua mwenzake ameshatuma. Ni kama ukiwa mtoto mama anakutuma chumvi dukani, baba naye bila kujua anamtuma mdogo wako chumvi hiyohiyo, mnakutana dukani, nyumbani wanapiga kelele mnachelewa wanamtuma na wa tatu. Mtandao ukiwa safi huioni hiyo shida, ukiwa wa kubangaiza inajirundika mpaka inasimama kabisa. Na juu ya hapo mtandao ukikatika simu ikarudi na anwani mpya ya mtandao, lile unganisho la TCP limekufa, hakuna kulifufua, unaanza salamu upya.

UDP yenyewe haijali, inarusha kifurushi inaendelea na safari, kilichopotea kitaombwa na tabaka la ndani peke yake. Ndo maana ukikuta kwenye apu yako kuna kuchagua OpenVPN UDP na OpenVPN TCP, na huna sababu maalum, chagua UDP. Sababu maalum ipo, inakuja.

Akaniwekea protokoli nyingine, WireGuard. Sasa hapa ngoja nikae kidogo maana hii kitu nimeipenda. Ameiandika Jason Donenfeld, ikaingizwa rasmi ndani ya Linux yenyewe Machi 2020, toleo la 5.6, na sifa yake kubwa ni udogo, mistari ya kodi kama 4,000 hivi. Hiyo mtu mmoja mwenye utaalamu anaweza kukaa akaisoma yote akajua kuna tundu wapi, wenzake wakubwa ukianza kuwasoma mpaka unastaafu. Haina jina la mtumiaji wala neno la siri. Una ufunguo wako, seva ina wa kwake, mnajuana. Ukipiga hodi kwa ufunguo usiojulikana haikujibu "wewe nani", haikujibu "ondoka", inanyamaza kimya kama nyumba ya watu waliosafiri. Anayepitapita kutafuta milango hajui hata kama hapo kuna mlango.

Na haina habari ya "kukonekti" ile tuliyoizoea. Salamu ni fupi, kwenda mara moja kurudi mara moja, tayari. Ukitoka handakini na anwani mpya, kifurushi cha kwanza unachotuma kikiwa na ufunguo sahihi seva inasema aha kumbe sasa hivi uko huku, inaendelea ilipoishia. Safari ya kwanza nayo nimepita Kilosa nikiwa nimefungua leja, sikugusa kitu, niliona tu ukurasa umesita kidogo ukaendelea. Nilitaka kumpigia kijana kumshukuru nikaona nimpumzishe.

Kuna protokoli nyingine, IKEv2, nayo ina huo ujanja wa kuhama bila kukatika, wanauita MOBIKE, upo kwenye viwango tangu 2006, na uzuri wake ni kwamba imo ndani ya iPhone na Windows tayari, huhitaji kuweka apu yoyote. Dada wa manunuzi ofisini ana iPhone ndo anayotumia, anatoka waifai ya ofisini anaingia kwenye data ya simu akiwa kwenye bajaji wala hajui kama kumebadilika kitu. Shida yake inapita poti, yaani milango yenye namba ambayo data inapitia, zilezile zinazojulikana, UDP 500 na 4500, mwenye mtandao akizifunga hizo mbili kwisha habari.

Sasa Dodoma. Nimefika lodji, chumba namba 9, nakumbuka namba kwa sababu ya usiku huo. Tarehe 19. Naunga waifai ya lodji, nawasha WireGuard, ufunguo ukatokea juu, nikajua tumemaliza. Hakuna kinachofunguka. Nikazima nikawasha, ufunguo upo, intaneti hakuna. Nikashuka mapokezi, "Dada samahani, waifai yenu haifanyi kazi." Akaniangalia, "Mbona wenzako wanatumia, kaka." Na kweli mtu pale kwenye kochi anaangalia mpira kwenye simu bila hata kukwama. Nimerudi chumbani nimehangaika karibu saa nzima, nimewasha upya laptop, nimewasha upya simu, nimebakiza kujiwasha upya mwenyewe.

Saa nne usiku nikampigia kijana wa IT. Akasema, "Braza, fungua apu yenyewe, shuka chini, soma palipoandikwa data iliyoingia." Nikasoma: iliyotumwa inaongezeka, iliyoingia sifuri. Sifuri kabisa. Na mstari unaosema mara ya mwisho mlisalimiana lini haupo.

Hiki ndo kitu nataka kila mwenye WireGuard akijue maana hakuna anayekuambia. Kwa sababu haina "kukonekti", ufunguo unatokea juu mara tu ukiwasha, hata kama seva imezimwa, hata kama iko kuzimu. Ule ufunguo maana yake ni "nimeelekeza data yako yote huku", sio "huku kuna mtu". OpenVPN angalau ingenung'unika, ingesema imeshindwa. WireGuard inapiga hodi kimyakimya na wewe unatukana waifai ya watu. Ukiona iliyoingia ni sifuri, tatizo ni njia, acha kuwasha upya simu.

Na njia kweli ilikuwa imefungwa. Waifai nyingi za wageni, mahotelini, vyuoni, hospitali, aliyeziweka ameruhusu kuperuzi tu, yaani TCP poti 80 na 443 na vichache vya lazima, zilizobaki zote anadondosha, na WireGuard inatembea kwa UDP peke yake, TCP haijui. Ilikuwa inarusha vifurushi ukutani. Akaniambia nirudi kwenye ile profaili ya zamani niliyoitukana, OpenVPN TCP, poti 443. Hiyo 443 ndo mlango ambao tovuti zote za kufuli zinapita, hakuna mwenye waifai anayeweza kuufunga akabaki na wageni. Ikapita. Polepole, leja inafunguka kama inafikiria kwanza, lakini ikapita, saa saba usiku kazi imeisha, asubuhi ritani imekwenda.

Kwahiyo mtu akiniuliza siku hizi "VPN gani nzuri" nashindwa kumjibu. Seva ni ileile, kampuni ileile, laptop ileile. Kilosa OpenVPN TCP takataka na WireGuard dhahabu, chumba namba 9 kinyume chake. Nyingi za hizi apu za kulipia zina sehemu ya kuchagua protokoli kwenye setingi na imewekwa "otomatiki", watu hawaifungui hata siku moja, wanafuta apu wanadaunlodi nyingine kumbe wangebadilisha mstari mmoja tu.

Sasa bando, maana najua ndo linalotuuma. Kila protokoli inafunga kifurushi chako ndani ya bahasha, na bahasha ina uzito. WireGuard kwenye mtandao wa kawaida wa IPv4 ni baiti 60 kwa kila kifurushi. Ukiwa unadaunlodi, vifurushi ni vikubwa, baiti 1,400 na ushee, kwahiyo ni kama asilimia 4, GB 1 inakula MB 40 za ziada, sio mbaya. Lakini ukipiga simu kwa intaneti vifurushi vya sauti ni vidogo vidogo, bahasha inaweza kufika theluthi ya mzigo au zaidi. OpenVPN ya TCP bahasha yake nzito zaidi, alafu ongeza zile za kurudia chumvi.

Lakini hiyo ni senti. Hasara kubwa ambayo nimeiona kwa watu ni bando la WhatsApp na mitandao ya kijamii. Unanunua bando la bei rahisi la kuchati, unawasha VPN, unashangaa salio la kawaida linaliwa. Ni lazima liliwe. Mtandao wa simu unajua hii ni WhatsApp kwa kuangalia data inaelekea wapi, na wewe umeifunga yote ndani ya bahasha, wao wanaona data inakwenda kwenye seva moja huko Uholanzi basi, hawawezi kukukata kwenye bando la kuchati. Hapo hakuna protokoli ya kukuokoa.

Chaji nayo. OpenVPN kwa kawaida inawekewa kugongagonga kila sekunde 10 kuhakikisha mwenzake yupo, na kila ikigonga redio ya simu inaamka. WireGuard ikiwa huna unachotuma inalala kabisa, ndo maana simu haichemki. Lakini na hilo lina bei yake, maana mitandao yetu ya simu inawaweka watu wengi nyuma ya anwani moja, ukikaa kimya muda mrefu wanasahau uko wapi, ndo unakuta meseji zinakuja kwa mkupuo ukishika simu, ishirini kwa pamoja, ya kwanza ya saa mbili zilizopita. Dawa ni kuweka igonge kila sekunde 25. Inakula chaji kidogo. Chagua mwenyewe.

Na kama simu yako ni ya bei ya kawaida ya zamani isiyo na kifaa maalum ndani ya prosesa cha AES, ile namna ya kufunga data kwa siri ambayo protokoli nyingine zinaitumia, utaona WireGuard ni nyepesi mno, kwa sababu inatumia namna nyingine, ChaCha20, ambayo haihitaji kifaa chochote maalum. Kwenye laptop mpya tofauti hiyo inapungua sana.

Protokoli za zamani nazipitia haraka. PPTP ukiikuta popote ikimbie. Mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba ukidaka salamu zake unazivunja ndani ya siku moja, Apple wakaiondoa kwenye simu zao na kompyuta zao 2016, lakini bado kuna ruta za maofisi ya mjini zina PPTP imewashwa kwa sababu fundi aliyeiweka ameshahama. L2TP, ambayo inafungwa pamoja na IPsec, ni afadhali, tatizo lake ni lile neno la siri la pamoja ambalo wateja wote wanapewa moja, siri ya watu 300 sio siri. Na tangu Android 12 huwezi hata kuziongeza PPTP na L2TP kwenye simu, inakupa IKEv2 tu, kwahiyo kama umenunua simu mpya ukatafuta setingi ya VPN ya ofisi hukuiona, hujachanganyikiwa, imeondolewa.

Shangazi yangu yuko Sharjah, mwaka wa sita huu. Juzi amenipigia ya kawaida, hela zinakatika, namwamkia anaitikia harakaharaka, "Marahaba baba, sikiliza, wenzangu huku wana VPN wanapiga WhatsApp mpaka video, nawekeaje hiyo?" Huko Emirates simu za WhatsApp zimefungwa, meseji zinapita, sauti hapana. Nikamwambia shangazi, kuipitisha inawezekana, lakini sheria ya huko inasema ukitumia VPN kutenda kosa au kulificha faini inaanzia dirhamu 500,000 mpaka 2,000,000. Kimya. Alafu, "Laki tano za dirhamu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi baba, acha." Tunatumia Botim, apu ya kupigiana simu ambayo imeruhusiwa huko, na video yake wala sio mbaya, nimeona mpaka jiko lake.

Na hapa kwetu tusijifanye hatujui, tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza watumiaji wa VPN wajisajili, mwisho ilikuwa tarehe 30 mwezi ule. Ofisi yetu imejaza. Kama unaitumia kwa kazi muulize mwajiri wako kama jina la kampuni lipo, ni swali la dakika moja.

Watu walikimbilia hizi apu kwa wingi baada ya X, ile Twitter ya zamani, kufungwa Mei 2025, kama jirani zetu Uganda walivyofanya 2018 ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza. Wengi walichukua za bure. Kuhusu za bure nina neno moja tu, protokoli inalinda barabara, haikulindi na mwenye gereji. Hata iwe WireGuard safi, anayemiliki seva anaona unatokea wapi na unakwenda wapi, na WireGuard kwa asili yake inakumbuka anwani yako ya mwisho kwenye kumbukumbu ya seva, kampuni makini zimelazimika kuongeza mambo yao juu kuizuia, huyo wa bure sijui amelazimika na nani.

Kingine, WireGuard inaficha unachosema, haifichi kwamba ni WireGuard. Salamu yake ya kwanza ni baiti 148 kila siku, mtambo wa kukagua data unaitambua kama unavyotambua bodaboda kwa mlio. Urusi mwaka 2023 walianza kuziziba WireGuard na OpenVPN zenyewe kwa protokoli, sio kwa jina la kampuni. Ndo maana Wachina walitengeneza vitu kama Shadowsocks tangu 2012, ambavyo kazi yake ni data isifanane na kitu chochote kinachojulikana. Mimi mhasibu sijazihitaji. Na intaneti ikizimwa yote, kama ilivyozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, hakuna cha WireGuard wala cha nini, bahasha zipo, barabara hakuna.

Sasa hivi laptop yangu ina profaili mbili. Moja nimeiandika TRENI, nyingine nimeiandika LODJI. Wiki iliyopita kijana wa IT ameniambia wanasafisha seva, wanataka kuondoa ile OpenVPN ya TCP maana kwenye orodha inaonekana kuna mtu mmoja tu anaitumia, siku tatu kwa mwezi, usiku. Nimemwambia huyo mtu ni mimi, aiache.